Alichoandika Mwalimu Kuhusu Mimi

2 Machi

Dada mpendwa,

Kwa niaba ya uongozi mzima wa kibanda hiki cha ufundi wa redio na simu, yaani mimi, nasikitika kukutangazia kwamba kiti cha wateja kimefariki. Kilivunjika mguu jana saa tatu asubuhi mbele ya shahidi mmoja, mama wa duka la vitambaa. Aliyekikalia hakuwa mteja. Alikuwa fundi mwenyewe, akimweleza mama huyo jinsi kiti kile kilivyo imara. Marehemu atakumbukwa kwa uvumilivu, hasa ukizingatia kilo nilizoongeza tangu tuonane.

Baada ya taarifa hiyo, shikamoo. Mgongo umetulia? Mimi mzima, isipokuwa sehemu niliyoangukia, ambayo adabu hainiruhusu kumtajia dada yangu mkubwa.

Kifurushi chako kimefika. Nilipoona mwandiko wako nilikaa kwanza kabla ya kukifungua, nikakaa kwenye ndoo. Tangu tumzike mumeo, Mwalimu, ni miezi tisa, na hii ni mara ya kwanza unaniandikia. Maneno matatu: "Hakichaji. Tafadhali kiangalie." Hata onyo la hatari kwenye nguzo ya umeme ni refu kuliko hayo.

Nimekitambua. Ni kile kibao chembamba cha kusomea vitabu alichopewa mumeo siku ya kustaafu, siku ya hotuba yangu. Habari za hotuba sizianzi. Kwa kawaida kutochaji ni ugonjwa mdogo, kama mafua. Niambie tu kama chaja ndiyo hii uliyoituma, na kama ndani kuna kitu cha kuangaliwa.

Mdogo wako,
Kidomodomo (jina ulilonipa wewe, usijifanye umesahau)

10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma nikiinama na nikiinuka. Katikati hapo uko sawa. Msiba wa kiti nimeusikia. Ni wewe peke yako unayeweza kumwandikia mjane neno "marehemu" kwa ajili ya kiti. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Chaja ndiyo hiyo. Sasa nisikilize, maana hili si la mzaha. Mwalimu alipolazwa tulikuwa tukisoma kitabu kimoja, riwaya ya mtu anayepima kina cha mto kila asubuhi. Yeye alisoma mchana, mimi nikitoka kazini nakaa kando ya kitanda nasoma nyuma yake. Kila sura aliniachia maneno pembeni, anachapa kwa kidole kimoja. Mengine ni ya kumsahihisha mwandishi nukta zake, si unamjua. Mengine yalituhusu mimi na yeye. Kitabu alikimaliza siku mbili kabla hajaondoka. Mimi nilikuwa nimefika sura ya kumi na moja. Baada ya hapo sikuweza kukigusa, na nilipoweza, kikawa hakiwaki.

Jioni ya mwisho aliniambia, "Kuna neno nimeandika kuhusu ndugu yako. Utalikuta huko mbele." Sikumuuliza ni neno gani. Nilidhani kesho ipo.

Sijui ni jema au ni baya. Miaka mitatu hamkusemeshana, na mwenye kosa unamjua. Watu sitini wamekaa, mwenzako anaagwa kazini, wewe unasimama na kumwita "naibu wa milele" na kuwahesabia wageni mara tatu alizonyimwa nafasi ya mwalimu mkuu. Watu walicheka. Yeye aliweka sahani chini akatoka. Ulisema utakuja kumwomba radhi. Ukawa unakuja, unakuja.

Nakala nyingine hakuna. Hakutaka kukiunganisha na mtandao. Alisema hapendi kusomwa wakati anasoma. Kwa hiyo kitengeneze taratibu. Ukitaka kulitafuta neno hilo, litafute. Ni lako pia.

Dada yako

28 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo nyingi, pamoja na za mama wa duka la vitambaa, ambaye sasa anakuja na stuli yake mwenyewe kila akileta simu. Anasema maisha ni yake na fundi hawezi kumtengenezea mengine. Jana alinipimia kitambaa cha kufunikia meza, akakikata kifupi, nikamwambia ndiyo maana sketi za mtaa huu zina matatizo. Hajanisamehe. Mgongo wako je? Jaribu kulala chali na mto chini ya magoti. Fundi redio hakosi ushauri wa mifupa.

Kile kifaa kina tatizo la tundu la chaji. Limelegea ndani. Linatakiwa jipya, na jipya linatoka mbali, kwa hiyo nimeagiza na nasubiri. Kazi ya namna hii haitaki haraka. Usiwe na wasiwasi.

Mvua imeanza huku, bati la kibanda linavuja mahali pamoja tu, nalo ni juu ya kichwa changu.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo, mto wa magoti unasaidia. Umeniandikia habari za sketi za mtaa mzima na hukugusa hata neno moja katika yale niliyokueleza. Nakujua tangu unatambaa. Ukizidisha maneno, kuna jambo.

Binti yangu ameniambia ulimwomba akutumie vitabu vyote alivyomwekea baba yake kutoka kwenye kompyuta yake. Vya nini, wakati vimo humo?

Tarehe tano Juni mwaka unatimia. Ndugu watakuja, wa kwetu na wa kwake. Nilitaka niwe nimemaliza kusoma kabla ya siku hiyo, kusudi nikae mbele yao nikiwa najua alichotaka nijue. Kama kimeshindikana, niambie kimeshindikana. Nitalia siku moja, kisha nitakushukuru kwa kujaribu.

Dada yako

6 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi sijambo.

Kifaa kimepona, na ninakituma pamoja na barua hii. Vitabu vya Binti vilikuwa vya kufanyia majaribio tu. Kuna hasara ndogo: maneno ya pembeni katika sura kumi na moja za mwanzo yamefutika umeme ulipopita vibaya. Hizo ulishazisoma. Kuanzia ya kumi na mbili yapo. Mimi sikuyasoma, kwa heshima.

Usikichaji mfululizo, na usikitie mfukoni.

Mdogo wako

15 Mei

Mdogo wangu wa pekee,

Uko salama? Nyumbani hapa tuko salama kuliko siku zote za mwaka huu. Nimemaliza. Siku nne, nimekaa kwenye kiti chake cha dirishani, hata mgongo nilisahau kama ninao.

Nimemsikia, mdogo wangu. Kwenye sura ya ishirini na mbili, pale yule mpima mto anaposhindwa kuamua aanzie ukingo upi, ameandika: "Huyu angekuwa na mke kama wangu angeshapima mito mitatu." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Na lako nimelikuta, sura ya thelathini. Nakunakilia kama lilivyo: "Mwambie Kidomodomo yaliisha siku nyingi. Nilikuwa namsubiri aje tu."

Nililisoma mara nyingi. Picha yako nilikuwa nimeitoa ukutani; nimeirudisha. Tarehe tano Juni nitawasomea ndugu wote maneno haya, na wewe uwe umekaa karibu yangu.

Lakini kuna jambo nisipokwambia litaniua. Unakumbuka nilivyokupigia simu wiki ile ya mwisho nikakukataza usije hospitali. Nilikwambia kwamba Mwalimu hataki kukuona. Hakusema hivyo. Nilijisemea mimi, nikidhani namlinda. Kumbe alikuwa anakungoja. Kila mlango ulipofunguliwa alikuwa akigeuza kichwa, nami nikidhani anamtazamia daktari. Nilimnyima mume wangu kitu alichokuwa anakisubiri, na ni mimi niliyekuwa nimeushika mlango. Tangu nimelijua hili silali vizuri. Nisamehe wewe, maana yeye siwezi tena kumwomba.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Shikamoo. Isome barua hii ukiwa umekaa, na mtu asiwe karibu.

Usiwasomee ndugu maneno yale. Hayakuandikwa na Mwalimu. Niliyaandika mimi, la sura ya thelathini, la sura ya ishirini na mbili, yote.

Nakueleza ilivyokuwa, bila kupamba.

Barua yako ya tarehe kumi ilinifikia tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Niliisoma nimesimama, kisha nikakitoa kifaa kwenye droo. Tundu la chaji halikuwa limelegea. Nilimulika kwa tochi nikaona nyuzi za mfuko wa koti, zimesukumwa ndani kila chaja ilipochomekwa, zimeshikana kama kizibo. Nilizichokoa kwa kijiti cha meno. Dakika tano. Nikachomeka, taa ikawaka. Habari za kuagiza tundu jipya ni uongo mtupu.

Nilikiacha kikichaji mpaka saa sita. Nilipokiwasha vitabu vyake vyote vilijipanga mbele yangu, na cha mpima mto kilikuwa cha kwanza. Ulikuwa umeniruhusu. Nilisogeza kidole mpaka juu yake nikashindwa kukishusha. Niliogopa kukuta ameandika kwamba hataki nikanyage hata kwenye kaburi lake. Nikajiambia nitasoma baada ya kula.

Mara mama wa duka la vitambaa akaja na simu yake. Nilishukuru kumwona. Nikaanza kuzungumza, nikamchekesha, na mikono ikaendelea na kazi yenyewe. Unaijua kanuni ya kibanda changu, nimejisifia kwako mara ngapi: kitu kikitoka mezani kwangu kinatoka kitupu, kama kilivyotoka kiwandani, kwa sababu simu nyingi ninazotengeneza huenda kuuzwa kwa mtu mwingine, na mtu hapaswi kukuta picha za mwenzake. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo. Mikono haingoji kuambiwa. Kifaa kiliniuliza kama nina uhakika wa kufuta. Nilibonyeza ndiyo huku nikimtazama mama yule anavyocheka.

Nilipokitazama tena, kilikuwa kinanikaribisha na kuniuliza nachagua lugha gani.

Siku ya pili nilikipeleka kwa fundi wa kompyuta ninayemwamini. Alikihangaikia hadi mchana akaniambia hakuna kilichobaki. Hapo ndipo nilipopaswa kukuandikia. Badala yake nilikuandikia habari za sketi. Na uliponiambia kwamba kama kimeshindikana niseme, ulinifungulia mlango mpana kabisa, nami nikapita pembeni.

Nilimwomba Binti vitabu. Nilikisoma kile cha mpima mto chote, mimi ambaye sijamaliza kitabu tangu shule, kisha nikakirudia niandike pembeni. Niligeuza tarehe za kifaa zirudi nyuma. Sauti ya Mwalimu ninaijua. Nimemwigiza miaka mingi kuchekesha watu, na ndiyo kazi niliyoifanya siku ya kuagwa kwake. Nilipoandika lile la mke na mito mitatu nilicheka, Dada. Nilijiona nimempatia.

Lile la sura ya thelathini nililiandika siku tatu. Nilijidanganya kwamba nakufariji wewe. Nilitaka kuambiwa "nilikuwa namsubiri", na aliyeweza kuniambia hayupo, basi nikajiambia mwenyewe kwa jina lake. Hospitali sikuifikiria kabisa. Sikujua kwamba maneno yangu yatakukuta umesimama mlangoni.

Kwa hiyo nakuambia na la siku hiyo, ulijue lote. Uliponipigia kunikataza nilikuwa nimeshafunga kibanda, nimevaa viatu vya safari, tiketi iko mfukoni. Uliposema nisije, nilivua viatu. Nikashukuru. Ulikuwa umenipa sababu niliyoitafuta miaka mitatu. Mtu anayetaka kweli kuomba radhi angekuja tu na kusimama nje ya dirisha. Hukumzuia mtu aliyekuwa anakuja, kwa sababu mimi sikuwa nakuja. Kichwa alichokuwa anakigeuza mlango ukifunguliwa, huenda alikuwa anamtazamia daktari kama ulivyodhani mwanzo. Mzigo huo si wako, nakuomba uutue. Picha yangu itoe tena ukutani ukitaka, na tarehe tano Juni nitafanya utakavyoniambia, hata ukisema nisionekane.

Binti na ndugu nitawaambia mwenyewe, usihangaike kunieleza kwa watu.

Alichoandika Mwalimu kuhusu mimi sikijui, wala hakuna tena atakayekijua. Kama alinisamehe, nimeufuta msamaha. Kama alinilaani, nimeifuta haki yake ya kunilaani. Tangu nikiwashe mpaka nikifute ilipita robo saa. Robo saa nzima kilikuwa mbele yangu, kinasomeka, nami nilikuwa naongea.

Mdogo wako