Kaburi la Babu Rainivelo

Ankazofotsy, Juni 4, 2022

Mahefa mdogo wangu,

Habari za huko Antananarivo? Kifua kimepona, au bado unalala dirisha wazi kama mtu asiye na mama? Sisi wazima. Mama tu na magoti yake kwa baridi hii, na mimi na watoto wangu arobaini na wawili wa darasa la tatu, wote makamasi.

Nina neno. Wazee wa mchumba wangu Tsiory walikuja Jumapili. Tulikula wali na maharage, wakacheka, baba yake akaongezewa maji ya ukoko wa wali mara mbili. Wamesema Agosti wanaleta kitako cha kondoo, mahari ya kwetu, ili ndoa ifungwe. Mimi, mdogo wangu, ambaye watu wamezoea kuniita mke wa ubao kwa kuzeekea darasani. Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Nakuambia wewe tu.

Ila kabla hatujamaliza kula, mzee baba yake akauliza kaburi la ukoo wetu liko wapi. Unajua hawa, pasipo na kaburi hawaoi. Mama akasema liko mbali, ng'ambo ya mto Matsiatra, kisha akaanza kutoa vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavilia. Mimi nikimuuliza ananipa kazi. Baba tulimzika nyuma ya kanisa tukiambiwa ni kwa muda, atahamishiwa kwa wenzake, na miaka ishirini imepita yuko palepale.

Wewe ndiye kipenzi cha Mama. Njoo hata siku mbili, umkalie jikoni, umuulize taratibu. Akikataa, nenda ofisi ya tarafa, yapo madaftari ya zamani.

Dada yako,
Voahangy


Antananarivo, Juni 15

Dada wa ubao, bibi harusi mtarajiwa,

Hujambo? Mama hajambo? Kifua changu kizima, dirisha nimeliziba kwa boksi. Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu hapa kiwanda cha kuchapa, msimamizi akanitazama vibaya.

Ruhusa sina mpaka mwisho wa Julai. Lakini nani siku hizi anapoteza soli ya kiatu? Kuna kundi mtandaoni la wana wa wilaya yetu, watu elfu arobaini. Nimeweka ile picha ya babu amevaa kofia, nikaandika: huyu ni Rainivelo, babu yetu, dada yangu Voahangy wa Ankazofotsy anaolewa Agosti, nani anajua kaburi letu? Kufika mchana nimepata majibu sitini. Mmoja anasema kaburi lina msalaba wa buluu, mwingine anasema ni shemeji wa bibi yake. Wengine wanatuma pongezi tu. Wewe shona nguo, jibu linakuja lenyewe.

Wako mtiifu kidogo,
Mdogo wako Mahefa


Ankazofotsy, Julai 2

Mahefa,

Sikuulizi hali.

Jibu limekuja. Mtu usiyemjua wala nisiyemjua ameandika: "Rainivelo huyo hana kaburi. Ulizeni alikuwa mtu wa nani." Shangazi yake Tsiory wa Fianarantsoa akalisoma, akamsomea kaka yake, yule mzee.

Mzee amekuja peke yake. Nilimkaribisha ndani, akabaki uani, kofia hakuivua. Alisema ndugu zake hawawezi kuchanganya damu na uzao wa watumwa, mpaka tuwaonyeshe kaburi. Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Juzi kulikuwa na msiba kwa jirani. Mama alipeleka chungu cha wali kama siku zote. Kilirudi kimejaa. Amekula wali ule siku mbili.

Ulitaja jina langu, Mahefa. Nilikutuma kwa mtu mmoja.

Simu nimeizima. Ukiwa na la kusema andika kwenye karatasi, mpe dereva wa basi, Ramanana.

Voahangy


Antananarivo, Julai 9

Dada yangu,

Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Nakuuliza hali, hata kama hutaki kunijibu. Na Mama anaendeleaje?

Nimelifuta lile swali, lakini watu walikwisha kulipiga picha, linazunguka. Niligombana na yule mtu usiku kucha, nikamuuliza ana ushahidi gani. Akanijibu kwamba yeye alisikia tu. Alisikia tu, Dada, na ametubomolea nyumba. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, najua. Sijui nikuombeje radhi.

Nikipata ruhusa nakwenda mwenyewe ofisi ya tarafa. Nitaleta karatasi yenye mhuri, mzee aisome mpaka macho yamuume. Mwambie Tsiory asubiri.

Mdogo wako


Ng'ambo ya Matsiatra, Julai 31

Dada,

Shikamoo, na umpe Mama shikamoo zake kumi. Kaa chini kabla ya kusoma.

Nimelipata. Siku mbili nimekaa ofisi ya tarafa nafunua madaftari yaliyoliwa na panya, karani akawa ananiletea mihogo kwa huruma. Yupo. Rainivelo, mwenye mashamba, kijiji cha Ivatobe. Nikatembea saa sita, viatu vimekwisha, nikafika. Kaburi la mawe, Dada, kubwa, jina limechongwa mlangoni. Nimeligusa. Nimelia kama mjinga mbele ya mbuzi wa watu. Karani amenipa nakala yenye mhuri, naiweka humu.

Yule mtu alisema uongo. Mpe mzee karatasi hii, aivue kofia yake. Sitapitia nyumbani kwa sababu basi linaondoka sasa hivi na kesho naingia kazini, lakini kwenye kondoo nitakuwepo.

Mdogo wako, mwenye malengelenge,
Mahefa


Ankazofotsy, Agosti 14

Mahefa mdogo wangu,

Miguu inaendeleaje? Paka mafuta ya nguruwe, usikwangue. Mimi mzima. Mama anakohoa, nitakueleza.

Karatasi ilifika. Niliisoma mara tatu, nikavaa nguo ya kanisani niipeleke. Mama akaniomba aione kwanza. Akautazama mhuri, akaniambia niketi.

Rainivelo mwenye kaburi alikuwa bwana. Bibi yake babu yetu alikuwa mtu wa nyumba hiyo, kabla watumwa hawajaachiwa. Waliachiwa, hawakuwa na pa kwenda, wakabaki na shamba la bwana na jina la bwana. Babu alirithi jina tu. Baba alimwambia Mama haya yote kabla ya kumposa, ili asije akasikia kwa watu. Mama akaolewa naye. Ndugu zake Mama wakaapa kwamba kaburi lao hataliingia, na hawajakanyaga hapa tangu hapo. Mama alitufichia haya ili tusome na tuoe na kuolewa. Hakulia aliposimulia, alikuwa anachambua mchele.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia hata kipenzi chake. Akasema, "Aliuliza watu elfu arobaini. Mimi nilikuwa hapa jikoni." Umetafuta kweli, mdogo wangu, umechanika miguu, nami nimekusamehe. Lakini mara zote mbili ulipita mlango huu bila kubisha hodi.

Mzee angeikubali karatasi ile. Mhuri upo, jina lipo, kondoo angekuja. Nililala nayo chini ya mto siku mbili, sitakudanganya. Siku ya tatu nikampa Tsiory, halafu nikamwambia mwenyewe yasiyoandikwa humo. Aliikunja karatasi mara nne. Akasema ananipenda, ila ngoja kwanza aulize nyumbani. Leo ni siku ya tisa. Nimeacha kutazama barabara.

Usimchukie, na usiandike lolote popote. Mimi nina darasa langu, naamka na kuliingia. Inauma, lakini naingia.

Lililobaki si langu. Kikohozi cha Mama kimeshuka kifuani, na juzi, nikimkanda mgongo, aliniuliza yeye tutamzika wapi. Kwao wamefunga, kwa kina Baba kaburi halijawahi kuwepo. Nikajifanya natafuta mafuta. Swali hili usimpelekee mtu, Mahefa. Njoo na sururu, kaburi letu tulianze sisi.

Dada yako,
Voahangy