Kolonya ya Pasaka Kwenye Kiota cha Panya

Jumamosi, 13 Aprili 1968

Leo nimewadunga sindano vichanga vya panya. Viota viwili, majike watupu. Kiota cha kwanza homoni ya kiume ndani ya mafuta, cha pili mafuta matupu. Bado wekundu, macho yamefumba — na ubongo wao unaisikia homoni siku hizi chache tu. Zikipita, udunge usidunge, ni mamoja! Wa homoni wakikua bila kupata mzunguko wa uzazi, nina shahada. La sivyo, Profesa Dobozy alishasema: Etelka, Septemba ukafundishe sekondari. Chumba cha panya kinafungwa kiangazi hiki. Panya wengine sipati.

Jumatatu, 15 Aprili

Jumatatu ya Pasaka, na desturi yetu ni wanaume kuturashia wanawake manukato, nasi kuwapa mayai ya rangi. Nimekuja kuwapima uzito vichanga, na Ödön, fundi wetu, kaniotea mlangoni. Shairi lake la kila mwaka — eti mimi ua, ananimwagilia nisinyauke — kisha kolonya, manukato makali! Nywele, shingo, mikono yote. Nimecheka, nimempa yai la rangi. Halafu, mjinga mimi, nikaenda moja kwa moja kuwashika watoto.

Mama zao wakanusa harufu ngeni juu ya watoto. Wa kwanza akamuuma mwanawe. Akala! Wa pili naye akaanza. Nikapiga kelele, nikawakomba waliobaki, wote pamoja, nikawatia kwa jike mwingine mpole anayenyonyesha. Akawapokea. Nikashusha pumzi.

Ndipo nikatazama. Wote wekundu, wote sawa. Nani ana homoni? Ee Mungu wangu! Hatukuwatia alama, alama yao ilikuwa kiota. Nimekwisha.

Jumanne, 16 Aprili

Ödön kalia kunishinda. Anaapa mwakani atarashia ukuta. Profesa hata hakupandisha sauti. Unalilia nini, binti? Subiri wakue. Wenye mzunguko andika mafuta, wasio nao andika homoni. Nikamwambia, Profesa, si ndilo hilo tunalotaka kulithibitisha! Akasema, basi litathibitika.



Alhamisi, 4 Julai

Wamekua. Kila asubuhi nachukua ute wa uke wao, naweka chini ya hadubini. Baadhi wana mzunguko barabara. Wengine seli bapa tu, leo, kesho, keshokutwa — dalili ya joto la kupandwa lisiloisha, mzunguko hakuna. Ndicho nilichokiota miaka yote! Na sina haki ya kusema hata neno, maana sijui yupi alidungwa nini.

Profesa kaja, anataka jedwali lipigwe chapa leo, mkutano wa wanasayansi wa Praha umekaribia. Nimeandika. Homoni. Mafuta. Homoni. Tukafika kwa mmoja: anazunguka kidogo, anaacha, anaanza tena. Na huyu? nikauliza. Profesa akasema, huyo anatuharibia, mtoe. Kwetu kumtoa ni kumuua.

Ödön kasimama na ndoo, kaninong'oneza: Dada, si useme ukweli! Niseme nini? Nasikia harufu ya chaki ya sekondari hadi hapa. Naogopa. Naogopa vibaya!

Profesa ameshuka kumwita mpiga chapa. Panya yule wa kutolewa nimemficha mfukoni mwa koti langu, moyo unamdunda. Jedwali liko mezani, mstari wake bado mtupu. Viatu vya Profesa vinapanda ngazi —