Baba, Si Wewe Uliyewakimbia

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Tate, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaitikia hata kama umenuna. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umeshuka, au bado unaufunga majani ya kabichi na kuwaambia watu ndiyo dawa? Na Mama, kifua chake kinaionaje baridi ya Lukozi? Huku naikumbuka hiyo baridi kila ninapokamua shati.

Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, Baba. Umeme ni wa mgao, unakuja unapojisikia, nasi wa studio tunakaa tukiungoja. Siku hizi za ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mwenye duka anataka wimbo wa kutangaza bidhaa zake, na mpiga kinanda ni mimi. Kutwa napiga nyimbo za sabuni na mitumba. Vidole vinauma. Nikilala, sabuni bado inaimba kichwani.

Alhamisi alipita Hamisi, dereva wa lori la kabichi, akanipa salamu za Mama. Anasema hujakanyaga kanisani tangu ile Jumapili walipowasha jenereta wakapiga nyimbo zako kwa disketi niliyowatumia. Vijana wanaimba, wazee wamebaki nyuma, kinanda kimeshaingia ubeti mwingine, mpaka Bibi Elizabeti akafunga kitabu akakaa. Nawe ukamwambia Mama: "Kama ndivyo nilivyopiga, basi nimekwisha. Wamtafute mwalimu mwingine wa kwaya."

Si wewe uliyepiga vile, Baba. Nivumilie nikueleze.

Unakumbuka Pasaka, nilipokuja na kinanda cha umeme kwa kuwa mguu haukuruhusu tena kukanyaga kile cha zamani. Nilikiunganisha kwa waya mweusi na kisanduku changu, ukapiga nyimbo za ibada ili zipigwe kanisani mguu ukikuzuia, kisanduku kikazishika. Ukaniuliza ndani ya waya kunapita nini. Nilikuwa na njaa, maharage ya Mama yananukia, nikakujibu "muziki" nikakimbilia chakula. Halikuwa jibu.

Ndani ya waya ule hakupiti sauti hata kidogo. Zinapita habari tu. Ukibonyeza, kinanda kinatuma habari kwamba kibonyezo fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Ukiachia, kinatuma kwamba kimeachiwa. Basi. Kinachopokea ndicho kinachotoa sauti, kwa koo lake chenyewe. Ukikiambia kiwe tarumbeta, habari zilezile za vidole vyako zitalia tarumbeta. Kuna tundu la kutuma na tundu la kupokea, na ukikosea ukaunganisha la kutuma kwa la kutuma, utakuwa na vinanda viwili vinavyosema na hakuna kinachosikiliza, kama Mama na shangazi wakikutana gulioni. Tena lazima vikubaliane namba. Huyu akituma kwa namba tatu na yule anasikiliza tano, utabonyeza mpaka jasho likutoke na hutasikia kitu. Na habari ya kuachia ikipotea njiani, sauti inalia bila kukoma hadi uzime umeme. Imenitokea mbele ya mteja, katikati ya tangazo la dawa ya mende.

Kwa hiyo kisanduku kilishika vidole vyako, Baba. Wapi umebonyeza, kwa uzito gani, lini umeachia. Ndiyo maana nilikwambia kitapiga kama wewe, nawe ukaniamini. Kumbe habari zilizoandikwa hivyo mtu anaweza kuzisogeza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bwana Salehe, mwenye studio, ni mtu mwema na mtu wa pwani. Alinikuta nimelala juu ya meza, akaona anisaidie kazi yangu. Kisanduku kina kitufe cha kunyoosha, unakibonyeza, kila pigo lililochelewa linavutwa mahali pake. Akanyoosha nyimbo zako zote. Kisha akakuta mwisho wa kila mstari umesimama, akadhani mzee alisahau noti, akavikata vile vituo kimoja kimoja. Akaweka kwenye disketi, Hamisi akaja kuichukua. Umeme haukuwepo, sikuweza kuisikiliza.

Yeye angejuaje? Hajawahi kuingia kanisani kwetu akasikia wazee wakiimba Kishambaa na vijana Kiswahili, wimbo mmoja, kwa wakati mmoja. Hajui kwamba maneno ya Kishambaa yanakawia kuisha, na kwamba miaka yote wewe umekaa pale mbele ukikishikilia kinanda mpaka neno la mwisho la nyuma lifike. Mimi nimekulia kwenye vituo hivyo nikavidhani ndiyo wimbo wenyewe.

Nilipomweleza alishika kichwa. Tukatafuta. Nakala za kwanza za nyingine zote zilishafutika, ila ya ule wimbo wa mwisho uliopiga, wa kufungia ibada, ilibaki kwenye kisanduku kama ilivyokuwa. Jana umeme uliporudi nikakiunganisha na kinanda cha studio, tundu la kutuma kwa la kupokea, namba kwa namba, nikakaa mikono mapajani.

Ukapiga, Baba. Kidole chako kile kidogo cha kushoto, kilichobanwa na gogo kule Shume, kilichelewa palepale kinapochelewa siku zote. Nililia, sikufichi.

Mwisho wa mstari, ukasimama. Bwana Salehe akauliza kwa sauti ya chini, "Hapo anangoja nini?"

"Anamngoja Bibi Elizabeti," nikamwambia.

Waya haukuwa na habari yoyote ya kupeleka wakati ule, na kinanda kilikaa kimya. Nami nikamsikia bibi wa watu akimalizia neno lake.

Basi nakuomba. Ile disketi waitoe, mpe mdogo wangu Neema aifungie popote anapotaka. Kinanda nilichowaachia hakihitaji mguu, kinahitaji jenereta na wewe. Najua ulikiita kitu cha kuchezea watoto. Kaa nacho hivyohivyo. Mimi sitakuja kabla ya Krismasi, matangazo hayaniachii nafasi, na mtu mwingine wa kuwangoja wazee sina wa kumtuma.

Nisalimie Mama, nisalimie mdogo wangu Neema na wapwa zangu, mjomba wa Gare akipanda huko, na mchungaji wetu, mwambie nipo. Bibi Elizabeti mpe mkono wangu kwa heshima zote, na umwambie afungue kitabu.

Jumapili ijayo, saa za ibada, nitakuwa hapa napiga sabuni. Nitakuwa nahesabu kwamba umeshafika mwisho wa mstari, na umesimama.

Wangoje, Tate.

Mwanao,
Zakaria