Mluzi Siwapi

Jumatatu, 3 Novemba

Wamepiga simu tena. Watu wa filamu. Siku ya lile shambulio la mabomu ikikaribia, kila mwaka, wanakumbuka kwamba bado niko hai! Safari hii ni mwongozaji mpya, msichana wa sauti laini, na kila akivuta pumzi ni "Bibi yetu". Bibi yetu tunakuheshimu, Bibi yetu bila wewe hakuna filamu. Kilemba cha ukoka hicho. Nimekivaa sana, sasa kinaniwasha.

Nikamuuliza: mtaonyesha tena ile picha yangu nikilia? Akasema ni picha yenye nguvu.

Nguvu gani? Ilikuwa taa! Wale wa kwanza kabisa walinielekezea taa usoni mpaka macho yakachuruzika. Tangu hapo kila filamu ya vita ile inaanza na mimi nikipangusa kamasi. Hata sokoni wananiita yule bibi anayelia. Mimi! Niliyezika waume wawili kwa macho makavu.

Nimekubali waje Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa sharti moja — silii. Wakitaka machozi wakamenye vitunguu.

Jumanne, 4 Novemba

Kiranja amenuna. (Mjukuu wangu huyo; jina nilimpa mwenyewe siku alipohamia hapa na kuanza kunihesabia vidonge.) Anasema wakija hao watu huwa sili wala silali, nitafute raha yangu. Saluni anasuka nywele za watu kutwa, akirudi anataka kunisuka na akili.

Nikamwambia: nisiposema mimi, dada yangu aliyekufa siku ile atasimuliwa na nani? Mama amekufa, jengo letu lilianguka, picha ziliungua zote. Wa siku zile nimebaki mimi na Mzee Nanga, basi.

Kwenye filamu dada ni "mmoja wa wahanga". Au ni yule mwigizaji anayekimbia barabarani akipiga mayowe. Mayowe! Dada yangu! Alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa mtundu kuliko wavulana wote wa mtaa ule. Nataka ajulikane hivyo. Sidai mnara wala medali. Nataka ajulikane alivyokuwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetoka kwa Mzee Nanga. Anaishi kwa binti yake sasa. Enzi zile alikuwa mpagazi kijana pale bandarini, akikaa chumba cha chini kwenye jengo letu. Nilitaka tukumbushane kabla ya kamera kuja.

Akaanza. King'ora kililia, watu wakamwagika barabarani, akamwona dada akitoka mlangoni na gauni lake jekundu...

King'ora? King'ora gani! Nikamwambia, mzee mwenzangu, hapakuwa na king'ora, ndiyo maana tukakutwa tunaanika nguo! Akaapa. Akanieleza mbwa aliyepita akikimbia, na kapu la machungwa lililopinduka, machungwa yakiviringika mpaka kwenye mtaro.

Machungwa. Hapo nikajua. Hiyo ni filamu! Ile ya pili, yenye muziki wa kinanda. Alikuwa ananisimulia filamu, picha kwa picha, na machozi juu. Wala haongopi, maskini. Anaamini aliyaona. Binti yake akanifinya mkono niache kubishana.

Nimemsimulia Kiranja. Tumecheka mpaka mbavu zimeuma. Jamani Nanga! Kesho atasema na yeye ndiye aliyepiga kinanda.

Ijumaa, 7 Novemba

Sicheki tena.

Asubuhi naanika shuka, likanijia swali. Kama gauni halikuwa jekundu, lilikuwa rangi gani? Nikafumba macho. Jekundu. Nikafumba tena, nikajilazimisha. Jekundu.

Basi nikamtafuta usoni. Akaja yule mwigizaji! Yule binti mwenye mwanya! Dada hakuwa na mwanya. Au alikuwa nao? Nimesimama pale na kibanio mkononi, shuka linanipiga usoni, sijui kama dada yangu, tumbo moja, alikuwa na mwanya.

Wezi! Wameniibia mtu mchana kweupe. Na mlango niliwafungulia mwenyewe, chai nikawapikia mwenyewe.

Nilimcheka Nanga. Leo ningekuwa na miguu mizuri ningekwenda kumwomba radhi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimechimba siku mbili. Nini ninacho ambacho filamu hazina?

Paa la jengo — wanalo, niliwasimulia. Kamba za nguo — wanazo. Kwamba alinituma chini nikaongeze vibanio, na ndiyo sababu nikapona — wanacho hicho, tena walikitia muziki. Kila nilichowaambia kimerudi kwangu kimevaa nguo zao.

Halafu leo, naosha vyombo. Mluzi!

Ee Mola. Mluzi wa dada.

Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mmoja mrefu, mwisho wake unapanda juu kwa kejeli. Mama alimgombeza kila siku: wewe ni msichana au kondakta? Asubuhi ile ndege zilipotokea chini-chini, sisi tukadhani ni mazoezi ya jeshi. Moshi wake ukatanda juu ya shuka zetu. Nami nishafika kwenye ngazi, nikasikia anazipigia mluzi. Ndege za vita! Anazipigia mluzi kama watu waliopita na matope kwenye sakafu yake. Akapaza sauti, oyaa, mnatuchafulia nguo!

Nikacheka. Nilikuwa nateremka ngazi nacheka. Halafu ndiyo ikawa.

Huo sijawahi kumpa mtu yeyote. Niliona haya, marehemu kupiga mluzi, watu watasema hakulelewa. Haya imenisaidia! Nikifumba macho mluzi unakuja wenyewe, safi, haujaguswa.

Nikajaribu kuupiga. Meno ya bandia yakarukia kwenye sinki. Kiranja akaja mbio akidhani nimeanguka.

Jumanne, 11 Novemba

Mwongozaji amekuja kukagua sebule. Kapima mwanga, kahamisha kiti changu, kapeleka saa ya ukutani chumbani eti inapiga kelele. Saa yangu!

Nilijiandaa kumchukia, nimeshindwa. Anaongea na mtu akimtazama. Amesema bibi yake naye aliiona vita ile na akafa hajatamka neno, na ndiyo maana anafanya kazi hii. Kisha akaniomba: Bibi yetu, nipe kitu kimoja tu ambacho hujawahi kumwambia mtu.

Mluzi ulifika hapa, kwenye ulimi. Nilikuwa naufungua mdomo.

Msaidizi wake akadakia. Eti wamempata mwigizaji mpya wa dada, binti hodari, angependa kujua dada alikuwa anatembeaje, anachekaje, ana tabia gani ya mikono. Anataka kumvaa, alisema. Kumvaa!

Nikafunga mdomo. Nikasema nitafikiri.

Nikiwapa, mwakani binti yule atapiga mluzi kwenye televisheni na muziki nyuma. Atapiga vizuri, sina shaka. Na mwaka wa pili nikifumba macho nitamsikia yeye. Nisipowapa, nikifa unakufa nami, na dada anakufa mara ya pili. Huku moto, huku maji ya kina.

Nimemweleza Kiranja yote. Alikuwa anakata kucha zangu, hata hakuinua kichwa. Akasema: si unifundishe mimi?

Jumatano, 12 Novemba

Kufundisha mluzi bila meno! Ningependa nimwone profesa akijaribu. Kunja ulimi. Si hivyo, rudisha nyuma. Midomo ifunike meno. Vidole vikutane kama mkasi. Puliza chini, si mbele!

Mate matupu. Amelowesha kitambaa cha meza. Vidole vyake vina ladha ya mafuta ya nywele, analalamika, anataka kutapika. Nikamwambia dada alijifunza kwa vidole vyenye sabuni ya kufulia, hakudeka.

Jioni sauti kidogo ilitoka. Kama panya aliyekanyagwa. Tumeshangilia hivyo hivyo.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika chumbani. Mlango nimeufunga kwa ufunguo. Wamezima mashine zao, wako mapumziko, nimewaambia natafuta kitambaa changu cha kichwa. Kiko kichwani.

Saa nzima wamenihoji. Silii! Msaidizi kasogeza ile taa usoni, nikamwambia irudishe ilikotoka, mwanangu, mchezo huo ninaujua. Nimewaambia hapakuwa na king'ora, na wakikitia tena nitasimama siku ya maonyesho, mbele ya wakubwa wote, nikiseme. Mwongozaji akauliza gauni la dada lilikuwa la rangi gani. Nikamjibu sijui. Nilikuwa najua, mkachukua, mkapaka jekundu. Muacheni bila rangi. Alitazama chini, akaandika.

Halafu akauliza kwa upole: dakika ile ya mwisho, dada alifanya nini? Ndipo nikaomba mapumziko.

Sasa nimekaa kitandani na saa yangu ya ukutani mapajani. Nikitoka itabidi nijibu. Nikisema hakufanya kitu, nitakuwa nimemfuta kwa mkono wangu. Nikisema

Ee!

Umetoka! Jikoni! Mrefu, mwisho wake unapanda — ile kejeli yenyewe — umepasua nyumba nzima! Sikumfundisha ile kona ya mwisho. Sikuweza kuifundisha, sina meno. Kaipata wapi?

Huko sebuleni kikombe kimewekwa chini. Sasa hatua. Mwongozaji yuko mlangoni, anagonga taratibu. Bibi yetu, ile sauti ni nini? Inaweza kurudiwa, tuwashe mashine?

Birika, nimemjibu.

Anasema birika liko mezani kwao, wamemimina chai sasa hivi.

Nalia. Nalia kama mtoto, kamasi na kila kitu, na kamera yao iko upande wa pili wa ukuta imefumba jicho. Machozi haya siwapi! Haya ni yangu!

Anagonga tena. Jikoni Kiranja anapiga wa pili.