Ezra na breki za pikapu

Hellen, Ezra nusura amuue mama mkwe wake leo. Nusura amuue!

Si unaijua pikapu yake? Juzi kainua springi, kafunga matairi makubwa. Sasa wanashuka mteremko wa Marangu na mama mkwe, anakanyaga breki, pedali inazama mpaka chini. Hakuna kitu!

Mama anauliza, "Mbona hupunguzi mwendo?"

"Mama, shika vizuri!"

Akashusha gia, akaichomeka pikapu kwenye migomba ya watu. Ikasimama ukingoni mwa korongo. Ukingoni, Hellen!

Kuchungulia chini, mpira unaopeleka mafuta ya breki umekatika. Alipoinua gari ulibaki mfupi, na alijua. Badala ya kununua mrefu zaidi, akatanguliza kununua taa za urembo.

Mama akashuka, akamshika mkono. "Umeumia, mwanangu?"

Ezra akalia, mbele ya mkwe wake.