Leseni ya Redio Bado Ina Jina la Mume Wangu

Bi Mize, asalaam alaykum. Nakusoma miaka mingi na sikudhani kama na mimi siku moja ningekaa kukuandikia, maana shida zangu nilikuwa na mtu wa kumwambia, lakini sasa nakuomba unisaidie kabla mkaguzi hajafika kwetu mwisho wa mwezi ujao, kwa sababu nimefanya kosa na sijui nilifichue au nizidi kulifukia.

Mume wangu Khatib ndiye aliyekabidhiwa redio ya upepo ya kikundi cha wavuvi hapa kijijini, ile ya kuzungumza na vyombo vilivyo baharini, iko chumbani kwetu juu ya meza ya cherehani na antena yake iko uani kwenye mlingoti, na leseni ina jina lake, na leseni ya rada ya chombo chetu kikubwa nayo ina jina lake, ile rada inayomwonyesha nahodha meli zilizo mbele wakati mvua imefunga hakuonekani kitu. Khatib alikuwa mtu wa bahari lakini na kalamu hawakupatana, kwa hiyo fomu za leseni kila mwaka nilijaza mimi, yeye akitia sahihi tu kisha anazipeleka mjini Konde kutoa kopi na kuzituma. Aliniambia mapema kabisa kwamba aliyeandikwa kwenye leseni ndiye mwenye ruhusa ya kusema hewani, na mimi nikamwamini, ndiyo maana hata siku alizokwenda sokoni, redio nimeishika mimi, chombo kikiita nilijibu, "Khatib anasikiliza," na wavuvi walizoea, walicheka mwanzo kisha wakaacha.

Bi Mize, Khatib aliondoka baada ya sala ya alasiri, presha, hata gari hatujapata, na mimi sasa niko edani, mwezi wa tatu huu. Siku ya hitima nyumba imejaa wanawake, redio ikaita. Ilikuwa nahodha wetu Hudhaifa, yuko dago, safari ya kuvua na kulala mbali, na watu wanane chomboni, mashine imezima na mkondo unawachukua, na anaita, "Khatib, Khatib, Khatib," kwa mazoea tu, maana alipata habari kule kule na hakuwahi mazishi. Wanawake wote wakanitazama. Nikanyanyuka, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Khatib anasikiliza." Akanitajia alipo, nikaita chombo kingine kilichokuwa karibu naye, wakaenda kuwavuta, na wote wako hai alhamdulillahi.

Basi tangu siku ile nimeendelea kujibu hivyo hivyo, na wiki tatu baadaye zikaja fomu za kuhuisha leseni, nami nikafikiri nikizirudisha na habari zenyewe watatufungia redio na kuzima rada wakati watu bado wako dago, nikazijaza kama nilivyozoea, na pale pa sahihi nikatia sahihi ya Khatib, mkono wangu unaijua vizuri kuliko yangu. Leseni zikarudi mpya, jina lake, mwaka mzima mbele. Sikufichi, nilifurahi nilipoliona jina lake limepigwa chapa, nikaziweka chini ya mto.

Sasa mkaguzi wa ofisi inayotoa leseni amepiga simu, atakuja kukagua mitambo na anataka mwenye leseni awepo amwoneshe anavyoitumia. Shemeji yangu Hafiz anasema, "Shemeji, weye nyamaza tu. Yuno mkaguzi hamjui Khatib. Miye ntakaa kitini ntamwambia ndo mimi, siku moja tu ishapita." Hafiz mwenyewe hajui hata redio inawashwa wapi, anashika kipaza sauti kama anakula muhindi. Na wifi yangu Saada naye hanisemeshi vizuri tangu siku ya hitima, anasema, "Nke wa eda hasemi na wanaume wa watu nyumbani, seuze hewani, watu wote wakusikia." Nikimkubalia Hafiz naogopa, nikisema kweli naogopa zaidi, watanifunga, watachukua redio, na chombo kikipata shida nitakuwa nimekaa hapa nasikiliza ukuta. Nifanye nini?

Mjane, Pemba

BI MIZE ANAJIBU

Mwanangu, pole. Nakupa pole kwanza kwa sababu naona wengi wameshakupa lawama, halafu tukae tugombane kidogo mimi na wewe.

Siku ya hitima hukukosea. Watu wanane walikuwa wanachukuliwa na maji na wewe ndiye uliyekuwa na njia ya kuwafikia. Mtu akiomba kuokolewa anajibiwa, awe na leseni anayejibu au asiwe nayo. Ungesema "Khatib", ungesema "mimi hapa", ungepiga kelele tu, Hudhaifa angefurahi vile vile. Na huyo wifi yako mwambie hivi kwa upole: eda imekuzuia kujipamba, kutoka bila haja na kuposwa. Mimi si shehe, kwa hiyo mtume mtu kwa shehe wako akamuulize kuhusu maneno ya dharura, jibu lake lifike masikioni mwa Saada mwenyewe. Sidhani atakwambia uwaache watu wafe maji.

Kosa ni lile la fomu. Hapo sikupambii. Uliandika sahihi ya mtu mwingine na kuipeleka ofisini, na hilo lina jina lake, unalijua. Naelewa ulivyofika hapo: miaka yote unajaza, anasaini, na siku hiyo hakukuwa na wa kumpa kalamu. Nilisoma mara mbili pale uliposema uliweka leseni chini ya mto, na nikaacha kazi kidogo. Lakini mwanangu, ile si barua yake. Ni ruhusa ya serikali kwa mtu anayeweza kuulizwa, na wakati wowote nahodha wa meli au mkaguzi akitaka kumuuliza mtu huyo kitu, hayupo. Huo ndio ubaya wake. Leo limetokea jambo dogo la ukaguzi. Kesho kunaweza kutokea ajali, ikaulizwa nani alikuwa redioni, na vitabu viseme Khatib.

Hafiz simtaki katika habari hii. Nia yake nzuri, naona anakuhurumia, lakini anataka kukupunguzia kosa moja kwa kukuongezea la pili, na la pili linakuwa la watu wawili wanaomdanganya mtu ana kwa ana. Tena mkaguzi atamwambia, "Haya, ita chombo nisikie." Ataita nini? Mwambie ahsante, na siku ya ukaguzi akanunue samaki.

Sasa sikiliza. Usingoje mkaguzi aje. Mpigie simu yeye mwenyewe, namba yake unayo, wiki hii. Mwambie mwenye leseni hayuko duniani, tarehe fulani, na kwamba fomu ulizijaza na kuzitia sahihi wewe ukiwa edani kwa kuogopa vyombo visibaki bila redio. Sema yote kwa mara moja, usimwachie ayachimbue. Kisha uliza mambo mawili: redio tuifanye nini mpaka karatasi zitengenezwe, na rada izimwe au iwashwe? Jibu lolote watakalokupa, lifuate. Wakisema rada izimwe, Hudhaifa asiende dago ya mbali, avue karibu. Litamuuma. Avumilie.

Mwenyekiti wa kikundi aende kwa sheha, kiongozi wa mtaa wenu, akasaidie kupata cheti cha kifo, nacho kipelekwe ofisini pamoja na barua ya kikundi. Na barua hiyo iombe leseni iandikwe kwa jina la kikundi, si la mtu, ili isizikwe na mtu tena. Wewe muombe uwe mwendeshaji. Kama kuna mafunzo na mtihani, ukishatoka eda ukafanye. Kazi unaijua kuliko aliyekufundisha, nadhani, na Mungu amrehemu hatochukia nikisema hivyo. Siku ya ukaguzi wawepo watu wa kikundi na wanawake wawili watatu wa nyumbani, mkaguzi akaribishwe kwa heshima, na kama utaona uzito, muombe asogeze tarehe mpaka eda iishe. Wana mama zao na wao.

Sikuahidi kuwa hawatakukaripia. Huenda kukawa na adhabu. Lakini anayejipeleka mwenyewe na anayekamatwa hawapokewi sawa, na sijasikia ofisi inayopenda kijiji cha wavuvi kikae bila mtu redioni.

Jambo la mwisho, na hili ndilo gumu. Barua yako ina kurasa nne. Umeandika Khatib "aliondoka", umeandika "siku ile", umeandika "habari zenyewe". Hukuandika popote kuwa amekufa. Kwenye fomu mpya kutakuwa na sehemu ya sababu ya kubadilisha, na neno hilo litabidi liandikwe. Usimpe mwenyekiti aliandike. Liandike wewe, ulie, kisha utume.

Jina la kijiji chako nimeliondoa, nyumba zenye antena kama yako hapo hazifiki mbili. Majina ya watu uliowataja nimeyabadilisha. Lako sikupata shida nalo, maana la mumeo umeliandika, la shemeji umeliandika, la nahodha umeliandika, na lako hukuliandika. Piga hiyo simu asubuhi ofisi zikifunguliwa. Watakuuliza nani anazungumza. Wajibu.