Kulelewa na Niliyemfundisha

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na shemeji bado anakuchekesha. Sisi huku wazima, watoto wanakula kama wanashindana, nami nina habari, basi kaa kitako.

Unakumbuka ulivyofoka kwenye simu wakati ofisi ya utumishi ya chuo chetu ilipoanzisha utaratibu wa walezi: mhadhiri aliyekwama bila kuchapisha anapunguziwa vipindi, kisha anapata mwenzake wa kumwongoza kwenye utafiti. Uliposikia mlezi wangu ni yule kijana wa miwani niliyemfundisha mwenyewe, ukasema hayo ni matusi, nigome. Mtu mzima na mvi zangu nilelewe na mtoto!

Mwanzoni ilikuwa kasheshe. Alikuja maabara, akaniamkia kwa adabu zote, akasoma makala yangu ya kuvu wanaoharibu mahindi ghalani, kisha akaniambia kwa upole kwamba kurasa zote za mwanzo hazina kazi. Dada, nilichemka! Nikamwambia kuvu hao nawajua tangu yeye hajaota ndevu. Akakubali, akasema ndiyo maana inamuuma kuona nimewafukia chini ya maneno. Nikanuna siku nzima, halafu nikazifuta.

Mkuu wa idara alipotaka kunirudishia vipindi vya jioni, afisa utumishi alisimama kidete, akamwambia saa za maabara si saa za kukaa bure. Zamani nilisahihisha mitihani mpaka sampuli zinaoza kabla sijazitazama. Sasa nazitazama kila asubuhi, roho kwatu. Makala imekubaliwa jaridani, na jana niliambiwa nimepandishwa: mhadhiri mwandamizi! Nililia mbele ya afisa bila haya.

Sasa kuna jambo nilikuficha. Chuo hakikunipangia mlezi. Afisa aliniuliza namtaka nani, akanitajia maprofesa wa rika langu, wale tunaosifiana kwenye chai. Nikamtaja kijana. Miaka yote niliyofundisha, ni yeye peke yake aliyewahi kunyoosha mkono darasani akaniambia nimekosea, na kweli nilikuwa nimekosea. Nilimkumbuka kwa hilo kila nilipokwama. Kukwambia nimemwomba mwenyewe niliona aibu. Sasa sioni tena. Ukitaka kunigombeza, nigombeze tu, cheo nimeshapata.

Mbusu shemeji kwa niaba yangu, na wajukuu wote uwabane mashavu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Kitindamimba